Marehemu Alipanda Mapangoni

Wadi ya Wabuddha,
Kijiji cha Pimpaldara,
Junnar, Wilaya ya Pune.
11 Juni 1997

Mpendwa Milind,

Jai Bhim. Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu tulifundishwa shuleni kwamba barua haianzi bila hilo. Usilishikilie sana.

Habari za afya yako? Unakula, unalala? Na mkeo hajambo? Ndiyo, nimeuliza mkeo. Endelea kusoma.

Sisi huku hatujambo. Mvua za kwanza zimeanza juzi, na paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Nyati wetu wa maziwa amezaa ndama jike. Pale zahanati wamenipa chumba cha chanjo chenye dirisha, kwa hiyo sidungi tena watoto gizani. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini anakula, anatembea, na anabishana na redio kama kawaida yake. Mimi ni muuguzi, mapigo ya moyo wake nimeyasikiliza mwenyewe. Nakutajia haya kwa kirefu kwa kuwa nimesikia wewe huko Toronto una habari tofauti kuhusu afya yake.

Usidhani sikujaribu simu. Nilikupigia kutoka dukani kwa Shantaram siku ya pili baada ya mambo nitakayokueleza. Uliisikia sauti yangu, ukasema, "Dada, laini mbaya, sikusikii," ukakata. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri mno. Nilisikia mpaka kijiko chako kikigonga kikombe. Basi nimenunua karatasi. Karatasi haina laini mbaya.

Mwezi wa nne ndiwe uliyenitafuta. Ulisema kuna wazee wawili wa Pune, wazazi wa mfanyakazi mwenzako, walikuja kutembea Kanada na sasa wamerudi, na wanataka kuyaona mapango ya mlimani kwetu. Ukaniomba niwatembeze. Kisha ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kupaka mafuta, kwamba nisiwaambie mimi ni dada yako. Niseme tunafahamiana tu. Tena nisiwafikishe nyumbani.

Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Dada, watu wa Pune hao, wana mambo yao. Nisaidie tu." Nikajua ni aibu yako ileile. Ulituonea aibu tangu uliponunua viatu vya kufunga kamba. Nikasema moyoni, haya, ndivyo alivyo, nusu siku ya kupanda mlima haitaniua.

Wakachagua siku wao wenyewe, na siku waliyochagua ilikuwa ya mwezi mpevu wa Buddha, mwezi wa Vaishakh. Wao hawakuwa na habari. Wewe ulikuwa nayo? Wewe uliyelia mwaka ule ulipoumwa tetekuwanga ukaachwa nyumbani, wadi nzima ikapanda bila wewe? Hukuikumbuka. Kama ungeikumbuka ungewazuia, maana siku hiyo hakuna mtu wa wadi yetu anayebaki bondeni, na Baba ndiye anayeongoza sala.

Baba nilimwambia wageni wanakuja, na kwamba wewe umetaka tukae mbali nao. Akakubali. Baadaye akaja uani nilipokuwa naanika nguo, akasema, "Sitawasemesha. Nitawatazama tu. Wametoka kumwona juzijuzi, bado wana harufu yake." Hayo ndiyo maneno ya mtu uliyemzika.

Walifika asubuhi kwa gari la kukodi. Mzee Vinayak Phatak, mwalimu mstaafu wa chuo, kofia ya kitambaa, fimbo ya kutembelea mpya kabisa. Mkewe, mama Sharayu, mwembamba, sari ya pamba iliyonyooshwa vizuri, viatu vya raba chini yake. Huyo mama nilimpenda tangu alipovaa viatu hivyo bila kuona haya. Mzee simsemi vizuri, na utajua kwa nini.

Unaijua ile njia ilivyo mwezi wa tano. Jiwe linawaka, nyasi zimekauka hadi zinachoma miguu, tumbili wamekaa kwenye kingo za ngazi wanangoja mtu aangushe ndizi. Mzee Phatak alisimama kila penye kivuli, na kila aliposimama alikuwa na la kulalamikia. Ngazi zimechakaa. Serikali imelala. Watu wameandika majina yao ukutani. Tulipofika juu akawaona akina mama wa wadi, wote wamevaa nyeupe, wanafagia mbele ya ukumbi mkubwa na kupanga maua chini ya lile kuba la jiwe.

"Hawa wanafanya nini humu?" akaniuliza.

"Wanajiandaa kwa sala, bwana."

"Hili ni jengo la historia. Siku hizi kila pango lina wenyewe."

"Limekuwa na wenyewe siku zote," nikamwambia.

Akanitazama mara ya kwanza tangu ashuke garini. Mkewe akamvuta mkono. "Vinayak, tumekuja kutazama, si kukagua."

Yeye akabaki kupiga picha nguzo, mama Sharayu akaniomba nimwonyeshe vyumba vya watawa, vile vya pembeni vyenye vitanda vilivyochongwa ndani ya mwamba. Humo mlikuwa na ubaridi, popo wamejibanza darini. Akakaa kwenye kitanda kimojawapo, akapapasa jiwe kwa kiganja.

"Ni hiki au kile?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mkwe wangu anasema alipokuwa mdogo alilala humu mchana kutwa, watu wakamtafuta mlima mzima."

Nikasema, "Mkwe wako?"

"Milind. Hakukuambia? Amemwoa binti yetu, Ketaki. Mwaka juzi, hukohuko Toronto. Sasa Ketaki ni mjamzito, atajifungua Oktoba." Akacheka kwa furaha ya mtu mwema. "Nilidhani kijiji kizima kinajua. Ila pengine hana wa kumwambia, maskini. Kijana hana mtu."

"Hana mtu?"

"Mama yake alifariki, na baba alitangulia, yeye akiwa na miaka tisa. Dinkarrao. Alikuwa mhandisi wa mabwawa, sijui kama ulimkuta. Na ndugu hana. Ni mtoto wa pekee."

Sikia, Milind. Mama alikufa kweli, maiti yake tuliichoma mimi na wewe, tuliusikia moto ule pamoja, hapo hukudanganya. Lakini Baba ulimuua, na baada ya kumuua ukambadilisha jina, kwa sababu Dagdu ni jina la mvunja mawe na wewe ulitaka Dinkarrao mwenye kofia ya mhandisi. Jina la ukoo nalo nikaja kujua umelikata mkia: Dongardive limekuwa Dongre, ili mtu wa Pune akilisikia asijue tabaka letu, wala kisima chetu kilikuwa upande gani wa kijiji. Nami? Mimi hata hukunipa heshima ya kufa. Mimi sikuzaliwa.

Nani alikuosha ulipojinyea shuleni ukaogopa kurudi nyumbani? Nani alikukaririsha hesabu za kuzidisha huku anasukuma jiwe la kusagia? Hewa?

Nilimwacha yule mama pale kitandani. Nikatoka nje nipate pumzi, na aliyekuwa mlangoni ni Baba.

Amevaa kurta, lile shati lake refu jeupe, amechana nywele kwa maji, mkononi ana kile chombo chake cha shaba amekijaza maji ya birika lililochongwa mwambani. Mzee Phatak alikuwa amekaa kizingitini, kofia mapajani, uso mwekundu kwa jua. Baba aliahidi kutosema, lakini kumwona mtu ana kiu asimpe maji, hilo hajajifunza. Akamwinamia. "Kunywa, bwana. Ni ya mwambani, baridi."

Mzee akanywa. Akanywa yote, akarudisha chombo, akasema asante. Akasema hata maji ya Kanada si matamu hivyo.

Baba akasikia Kanada, akasahau ahadi yake yote. "Kanada kuna baridi sana?"

"Mno. Sijui mkwe wetu anaivumilia vipi, mtoto wa huku."

"Mkwe?" Baba akanigeukia. Nami nikatazama chini, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwonyesha.

Mama Sharayu akatoka chumbani, akajibu yeye, kwa upole, akidhani anampa mzee wa kijiji habari njema ya kijana wa kijiji. Kwamba Milind Dongre ameoa. Kwamba mtoto yuko njiani. Kwamba kijana mwenyewe ni yatima, lakini humkumbuka marehemu baba yake kwa mapenzi makubwa, husimulia jinsi alivyombeba mabegani kumpandisha mapangoni humu na kumwimbia njia nzima.

Milind, nilimwangalia baba yetu akisikia kwamba yeye amekufa. Sitaki kukueleza uso wake. Huna haki nao.

Akaweka chombo chini taratibu. "Ndiyo," akasema. "Namkumbuka huyo baba."

"Ulimfahamu?" Mama Sharayu akafurahi kweli. "Tuambie. Milind hasemi mengi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Msumbufu. Alipenda kuimba na sauti hana."

"Na alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hilo," Baba akasema, "sijaambiwa bado."

Mzee Phatak akacheka, akadhani ni kauli ya mshamba. Mimi nikafungua kinywa. Baba akanishika mkono, na wewe unaujua mkono wake, umevunja mawe ya barabara tangu ujana wake. Akanibana mpaka nikafunga kinywa.

Na hapo mambo yangeishia, wewe ungeendelea na uyatima wako, kama si jirani yetu Hausabai. Alikuwa anapanda ngazi za mwisho na kapu lake la maua, anahema, na unajua yeye hana neno la siri. Akawaona wageni, akaja moja kwa moja na viganja pamoja.

"Jai Bhim, mama. Jai Bhim, bwana. Ninyi ndio mliotumwa na Milind? Heri yenu mmemwona. Haya, mmemletea baba yake nini kutoka kwa mwanawe?" Na akamwonyesha Baba kwa kidevu.

Mzee Phatak alikuwa ameshabadilika tangu ile salamu, maana salamu yetu ya Jai Bhim inamwambia kila mtu sisi ni wa tabaka gani, lile walilokatazana hata kuligusa. Akainuka na fimbo yake. "Wewe," akamwambia Baba. "Wewe ni baba yake nani?"

Sikiliza vizuri alichojibu. Nimekuandikia barua hii yote ili usome mstari huu.

Baba akasema, "Huyu mama anachanganya, bwana. Macho yake mabovu. Baba wa mkwe wako alikufa."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima, mbele ya watu wa wadi yake, siku ya mwezi mpevu. Mtu ambaye hajasema uongo hata kwa mkaguzi wa tiketi. Alijiua kwa kinywa chake ili kukulinda.

Mimi sikuweza. Nikasema, "Ni yeye. Huyu ni Dagdu Dongardive, baba yake Milind. Na mimi ni Kausalya, dada yake. Mama yetu ndiye pekee aliyekufa." Niliyesema ni mimi. Usimlaumu Hausabai, usimlaumu Baba. Kama unatafuta mtu wa kumchukia huko Toronto, jina langu unalo, nami nikirudishwa pale mlangoni nitasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mzee Phatak akatoa leso. Akafuta midomo. Akaikunja, akafuta tena. Maji yale aliyoyasifu! Nilimwona kwa macho yangu, mtu aliyesoma, aliyefundisha watoto wa watu miaka na miaka, anafuta maji ya baba yangu mdomoni kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Ninyi watu," akasema. "Daima mnaingia kwa mlango wa nyuma."

"Bwana," Baba akamwambia, "mapango haya yamechongwa kutoka mbele. Mlango wa nyuma hayana."

Akina mama wakaguna. Mzee akamwita mkewe, akaanza kushuka, fimbo inagonga kila ngazi. Mama Sharayu hakumfuata. Alisimama palepale, mkono kifuani, akimtazama Baba usoni, sehemu moja moja, nadhani alikuwa anakutafuta wewe humo.

Baba akavua viatu, akaingia ukumbini, akakaa mbele ya kuba la jiwe, akaanza sala. Sauti ilikatika mara ya kwanza. Akaanza upya. Sisi tukaitikia, na unajua ukumbi ule ulivyo, sauti inapanda kwenye mbavu za dari na kurudi imekuwa ya watu wengi kuliko waliopo. Kutoka bondeni tukasikia honi ya gari. Mzee Phatak alimwamuru dereva apige honi, na dereva akapiga, akapiga, sala nzima. Mama Sharayu alikaa nyuma kabisa, kwenye sakafu, na alibaki mpaka tukamaliza. Kisha akainama kidogo kuelekea alipo Baba, akashuka peke yake.

Nilidhani Baba ataugua. Hakuugua. Alirudi, akala, akamlisha nyati. Jioni akaniuliza jambo moja tu. "Alisema nilikufa akiwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Akafikiri. "Basi ile homa ya matumbo ilimpata baadaye. Nani alimbeba mpaka hospitali ya Junnar, na mvua ile?" Akacheka. Milind, alicheka kweli, kama aliyemshika mtoto kwenye uongo mdogo wa peremende. Nami nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Punda ana nafuu, hupiga teke na kubaki zizini. Wewe ulipiga teke ukapanda ndege.

Wiki iliyofuata mama Sharayu alikuja. Peke yake, kwa basi, na vile viatu vya raba. Aliulizia wadi yetu sokoni bila kunong'ona. Nilimkuta kibarazani nilipotoka kazini, Baba amemwekea mkeka na anahangaika kutafuta kikombe kisicho na ufa. Nikapika mikate ya uwele na chatini ya kitunguu saumu, kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho, na kwa sababu nilitaka kuona kama atakula. Alikula. Akaomba wa pili.

"Mume wangu hajui niko hapa," akasema. "Au anajua na hataki kuuliza."

Baba akamwomba, "Mama, usimwambie binti yako. Hali yake ya ujauzito. Na kijana alikosea kwa woga tu."

"Nimeshamwambia."

Nikaacha kukanda unga.

"Mzee, sitawadanganya," akasema mama yule, na hakuangalia chini aliposema. "Kama ningejua mapema ninyi ni nani, ningeipinga ndoa. Ndivyo nilivyolelewa, na sijui kama ningeweza kujizuia. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini mwanamume anayeweza kumzika baba yake aliye hai ili apate mke, huyo kesho akinisikia mimi namsumbua, atanizika na mimi. Binti yangu lazima ajue analala na nani."

Sikumpenda kwa maneno yale ya kwanza. Nilimheshimu kwa yote mawili. Wewe hujawahi kunipa nafasi ya kukuheshimu hivyo, maana hujawahi kusema jambo la aibu yako ukiwa umetazama mtu.

Akatuambia Ketaki aliuliza kwenye simu, "Jina lake hasa ni nani?" Akaambiwa, Dagdu. Akalirudia.

Na Jumapili, Shantaram alimtuma mtu mbio: simu ya Kanada, ya Baba. Baba alivaa koti. Joto lile, alivaa koti, akaenda karibu anakimbia, mimi nyuma yake. Akashika simu kwa mikono miwili akapayuka kama vile Toronto iko ng'ambo ya mto. Sikusikia aliyoambiwa. Nilisikia upande wake tu: "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, meno ninayo. Hapana, sijakasirika. Unakula? Kula. Usinyanyue vitu vizito." Baadaye akaniambia ni Ketaki, na kwamba alimwita Baba tangu neno la kwanza. Januari atakuja, mtoto akiwa na miezi mitatu, na anataka huyo mtoto apandishwe mapangoni na mtu yuleyule aliyempandisha baba yake. Baba amemwambia mabega yake sasa ni mabovu. Ketaki amemwambia ataleta kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani.

Sisi tulikuwa radhi kutunza kimya chetu, lakini yeye alisema ameshakueleza yote, na kwamba wakati anazungumza na Baba wewe ulikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja, Milind. Baba alikuwa anapaza sauti mpaka mbwa wa Shantaram wakabweka. Ulimsikia. Usiniambie hukumsikia.

Nimeanza kuandaa chumba cha nyuma. Nimekipaka chokaa, nimeomba kitanda kipana kwa shangazi Chandrabhaga. Kinawatosha mama na mtoto. Wewe hukutajwa, na mimi sikuuliza.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, kisha unaweza kuichana barua hii. Baba amekusamehe. Hajatamka, lakini mimi ninaishi naye, najua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ulitenda hayo na hujalipa hata usiku mmoja wa chuki yake. Basi chuki utaipata kwangu. Ninayo ya kutosha watu wawili.

Tangu ile Jumapili, kila jioni Baba anachana nywele na kusema anakwenda dukani kununua kiberiti. Anakaa kwenye lile gunia la mchele karibu na simu. Shantaram anasema hazungumzi na mtu, na simu ikilia anasimama. Duka likifungwa anarudi na kiberiti kimoja, ananikabidhi bila kunitazama, nami nakipokea. Rafu ya jikoni imejaa. Nimeanza kuvipanga chini ya kitanda chake, na mvua hizi zitaviharibu vyote. Mpigie simu, mpumbavu wewe.

Shangazi Chandrabhaga anakusalimu, yeye hajaambiwa kitu. Hausabai hakusalimu; anasema macho yake mabovu, hakuoni. Shantaram anasema simu yake ni nzima na laini ni safi. Msalimie sana Ketaki, mwambie wifi yake yupo, anaitwa Kausalya, na anajua kuzalisha.

Uwe na afya. Uwe salama na baridi ya huko na magari ya huko. Na usingizi uwe mbali nawe mpaka uwe umeinua mkono wa simu.

Wako akupendaye, kwa hasira zote nilizonazo,

Kausalya Dagdu Dongardive